Sikio la Kushoto

Betri ilikufa Jumanne, nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri,
hapo Kajaani, nje ya duka la rangi.
Veikko akaleta nyaya. Gari likakohoa, likakubali.
Redio ikawaka, haimjui mtu.

Saa yake inasema usiku wa manane, mwaka wa kiwandani.
Besi sifuri. Sauti nyembamba sifuri. Kila kitu katikati,
kama nyumba iliyopigwa chokaa, inangoja mpangaji.

Zamani redio hii ilikuwa na adabu.
Tukishika barabara ya Kuhmo,
misumari ya matairi ikianza kutafuna barafu,
ilipanda yenyewe, kidogo kidogo,
mtangazaji akapaza sauti bila kukaza shingo;
tukipunguza mwendo penye kibao cha kulungu
ilishuka, ikatupisha.
Hakuna mkono ulioigusa.
Mama ndiye aliyeipima, gari lingali linanuka upya,
kitabu cha maelezo magotini, miwani puani:
"Si ya kwanza, si ya tatu. Ya pili."
Helvi, aliyepima chumvi kwa jicho.

Leo, kwenye themanini tu, barabara imeimeza redio.
Baba anatazama mbele.
Taisto, mtu wa maneno matano kwa siku,
na mawili kati ya hayo ni kahawa.

Nikasema, nitairudisha. Nikabonyeza.
Besi, toa mbili: mama alichukia kugongwa kifuani.
Sauti nyembamba, ongeza nne,
fidla isikike uzi kwa uzi.
Sauti ifuate mwendo: daraja la pili.
Bado. Kuna kitu kimepinda.

"Kulia," akasema baba.
Nini kulia?
"Isukume kulia. Sita. Hapana. Saba."

Nikaisukuma, na orkestra nzima ikahama,
ikaja kujibanza mlangoni kwangu, kwenye kioo chenye barafu.

Kwa nini kulia?

Lori la magogo likatupita, likatumwagia theluji.
Vifuta-kioo vilikwenda, vikarudi.
"La kushoto lilikuwa limekufa. Tangu kiwanda cha karatasi."

Nikahesabu viti.
Mama kulia, hapa nilipo. Baba kwenye usukani, kushoto.
Miaka kumi na moja, kila alilosema
liliangukia sikio lisilo na mwenyewe.
Nami siti ya nyuma, mtoto wa darasa la pili,
nikiiona midomo yake kwenye kioo kidogo,
inakwenda, inakwenda, chini ya fidla.
Nilidhani anatafuna kitu.

"Ulijua kwamba hasikii?"
"Nilijua."
"Na ukaendelea kusema?"

Hakujibu hadi njia panda ya Sotkamo,
gari lilipolegea, na redio,
kwa hesabu ya mama, ikainama, ikatupisha.

"Hapo ndipo nilipoweza," akasema.

Kisha barafu tena, misumari tena,
hamsini, sitini, themanini,
na sauti ikapanda kulia, karibu na shavu langu,
kama mtu anayefunika chungu.

Midomo yake ikaanza kusogea.

Mimi, mwenye masikio mawili mazima,
nikageukia dirisha.