Midomo Ilikwisha Fumba

Walitaka ngumi. Nikawawekea watu wawili na birika.
Filamu nzima chumba kimoja, taa moja,
padri aliyevua kola na fundi saa asiyesali,
wanaongea mpaka alfajiri.

Dakika ya kumi vijana wa stendi wakaanza kuguna.
"Mtafsiri, bunduki iko wapi?"
"Inakuja," nikasema kwenye kipaza sauti.
Haikuja. Benchi likainuka, la pili likafuata,
yakabaki maganda ya karanga
na kule nyuma, penye pazia la gunia,
Kalunde, mjane wa kaka yangu,
mikono mapajani.

Kazi yangu hapa Ng'ambo ni kuwa na makoo mawili.
Padri nampa sauti ya kifuani, ya Misa ya kwanza.
Fundi nampa ya puani.

— Huyo Mungu wako anajua kuhesabu?
— Anajua.
— Mwambie ahesabu upya.
— Wewe ulihesabu nini?
— Fedha zisizo zangu.

Hapo fundi akanyamaza, akakoroga chai.
Alikoroga, alikoroga, midomo imefumba,
na mimi, sijui ni shetani sijui ni malaika,
sikunyamaza naye.

Nikasema kwa pua: zilikuwa za madebe sita ya asali,
asali ya Sikonge, aliirina mwenyewe usiku
huku tumbo limemvimba,
akaiuza ili apasuliwe pale Kitete.
Akanipa nimshikie, maana mwenye miguu nilikuwa mimi.
Nikamwambia daktari kasafiri, tungoje wiki.
Nikamwambia wiki nyingine.
Nikapanda treni, nikarudi na deki, jenereta, spika mbili.
Zitajilipa, nilijiambia, kabla ya Kwaresima.
Kapaya alikufa Jumatano ya Majivu
na majivu yenyewe yangali kwenye paji la uso.
Mimi ndiye niliyeyafuta,
kwa kidole nilichokilowesha mate.

Padri kwenye kioo alikuwa ameelekea dirishani.
Bega tu, na kisogo.
Nani angejua? Koo lake ninalo mimi.
Ningeweza kumpa neno lolote,
nikajiondolea hapo hapo, kwa mia mbili ya kiingilio.
Nikavuta pumzi.
Sauti ya kifuani haikutoka.

Jenereta likakohoa. Kalunde akasimama, akakung'uta kitenge.

"Shemeji, midomo ya yule mtu ilikwisha fumba."
"Ndiyo."
"Na wewe ukaendelea."
"Ndiyo."

Akafungua fundo la kitenge.
Miaka minne sijawahi kumtoza.
Akaiweka sarafu juu ya deki, palipo na joto,
akaisawazisha kwa ncha ya kidole
kama mtu anayefunga jicho la maiti.

"Kesho iweke tena," akasema.
"Nataka kuona padri alijibu nini.
Ila usinitafsirie."