Mkono Haujaiva

Siku ya kwanza Lali alishika penseli
kama mtu ashikavyo mchi:
ngumi nzima, bega zima,
ulimi umechungulia pembeni mwa mdomo.
Karatasi ikapasuka. Akanitazama
kana kwamba mimi ndiye niliyeipasua.

Nikaiweka penseli juu ya kabati.
"Hii ina usingizi," nikamwambia. "Tuiache ilale."
Nikampa bakuli, choroko na mchele pamoja.

Chumba chetu hapo Langoni kina dirisha moja
na kwato za punda mchana kutwa.
Watoto kumi na tisa, mkasi mmoja, butu.
Tulifinya unga mpaka ukawa mweusi,
tukabana vibanio vya nguo kwenye mdomo wa kopo,
tukakamua sponji, ndoo hii, ndoo ile,
tukararua magazeti ya mwaka juzi
habari za wakubwa zikawa manyunyu sakafuni.
Lali, choroko zilimkimbia.
Alizifukuza kwa kiganja, kama vifaranga.

Wiki ya sita akaja mamake, Mwanajaha.
Hakuketi.
"Mwalimu, kiyana nimemleta asome.
Choroko za kuchambua hata kwangu ziko.
Wenzake wa ng'ambo ya pili washaandika mpaka kumi!"

Nilikuwa na maneno ya chuoni, marefu, yenye vyeti.
Yakanikauka kooni.
Nikaona mkononi mwake kofia ya vito,
nusu imeshonwa, nusu bado mchoro,
vitundu vyembamba kuliko jicho la sisimizi.
Nikauliza: "Sindano ulipewa lini?"

"Sindano?" Akakaa.
"Mama alininyima mwaka mzima.
Kwanza nyuzi zilizotatana, nifungue mafundo.
Kisha mwiba wa mdimu, nitoboe jani la mkungu,
tundu kwa tundu, na jani lisichanike.
Nikilia, huniambia: mkono haujaiva."

Akanyamaza. Kule pembeni
Lali alikuwa na choroko moja, moja tu,
kati ya gumba na shahada,
kidole cha kati kimeikingia chini,
anaikagua kama sonara.

Hakusema amenielewa.
Alisema kofia ina mwenyewe, akaenda zake.
Ila kesho yake Lali alikuja
na fundo la uzi mfukoni, kubwa kama ndimu.

Penseli iliamka baada ya Idi.
Kabla yake uliamka mkaa:
L nne, ndefu, kwenye ukuta wa Mzee Famau
uliopakwa chokaa juzi yake.
Chokaa nimelipa mimi. Sidai.

Kisha karatasi. L zote mbili zimegeuka,
zatazama mlango zilikoingilia.
a imelala chali.
Na ile nukta ya i, mwishoni,
aliibonyeza kwa roho yake yote
ikapenya mpaka kwenye meza.

Mwanajaha aliinyanyua dirishani.
Mwanga ukapita, chembe moja, ukamgusa shavu.
Akageuza, akageuza tena.
"Tundu hili," akasema,
"lataka kuzungushiwa uzi."