Ubao wa Kimo

Nyumbani Kandete wanasema nimekwenda kusomea kupika.
Mjomba Asukile aliuliza mbele za watu, tena msibani:
"Siku hizi serikali inatoa shahada ya ugali?"
Wakacheka, wafiwa pia.
Nami nikacheka, utani wa matanga haukasirikiwi.

Sikumwambia kwamba muhula wa kwanza
tulianza na uzi kabla ya chungu:
unachoma ncha yake kwa kiberiti, unanusa.
Ikinuka nywele ni sufu, ikinuka karatasi ni pamba,
ikidondosha chozi jeusi, umeuziwa plastiki.
Wala sikumwambia habari ya bajeti ya kaya,
safu saba za kitabuni
na ya nane aliyoichora Bi. Ngailo kwa chaki nyekundu:
*Yasiyosemwa.*
Humo tukatia michango ya harusi, rambirambi,
vocha ya mjomba, bia ya baba.
Safu hiyo ilishuka hadi ukingo wa ubao
ikakosa pa kwenda.

Jumanne moja ya Juni,
Loleza imejifunika ukungu hadi shingoni,
tukaletewa ubao wa kupimia kimo.
"Nani atasimama?"
Edina Chaula, Mkinga wa Makete, akanisukuma mgongoni.
Nikavua viatu. Sakafu ya chuo cha serikali
haijui soksi wala huruma.
Kisigino nyuma, bega nyuma, macho mbele,
kibao kikanishukia utosini
kama mkono wa mchungaji siku ya kipaimara.

Mia moja arobaini na saba na nusu.

"Umri?"
Kumi na minane na miezi tisa.
"Chati inaishia kumi na tisa. Umewahi."
Akaweka nukta.
Nukta ikaangukia chini ya mstari mwekundu,
peke yake, kama mbegu iliyodondoka nje ya tuta.
Darasa likanyamaza.
Neno lenyewe lilikuwa ubaoni tangu asubuhi,
UDUMAVU,
na chini yake mikoa yetu sisi,
sisi tunaopakia viazi na mahindi na ndizi
malori yakateremka kwenda kushibisha wengine.
Bi. Ngailo alijipangusa chaki mikononi
muda mrefu kuliko chaki yenyewe.

Kwetu tunauita ufupi wa ukoo.
Bibi alikuwa hivi, shangazi yuko hivi,
kanisani hutuweka benchi la mbele tusizibwe.

Lakini nilishafundishwa kuhesabu, nikahesabu.
Ng'ombe mmoja, Jumatano, jina la siku aliyonunuliwa.
Lita sita alfajiri, nne jioni.
Mama alikamua gizani,
ndoo ikapita mlangoni na povu lake,
sisi jikoni na ndizi za chumvi,
tukabakiziwa harufu.
Mayai yakaenda. Parachichi zikaenda, kreti kwa kreti.
Jumamosi mama alifungua fundo la kanga,
akahesabu noti mara mbili
akazigawa: daftari, mchango wa mlinzi,
godoro la bweni, nauli yangu ya kidato cha tano.

Sasa hiyo niiandike safu ipi?
Maziwa niliyoyakosa ndiyo yaliyonisomesha.
Ndiyo yaliyonifikisha ubaoni
kupimwa urefu wa kuyakosa.

Usiku nikapiga simu.
"Leo mmesoma nini?"
Kupima, mama.
"Kupima unga?"
Eee, na vingine.
Akanipa habari: mvua haikatiki, Jumatano amezaa,
ndama jike, ana baka jeupe usoni.
Nikasema: mama, kikombe kimoja.
Kimoja tu, kila siku, kabla ndoo haijatoka.
Cha Tupokigwe.

Simu ikavuma upepo.
Nilisikia mtoto akikohoa, na kuni zikilia kwa ubichi.

"Mwakani anaanza shule," mama akasema taratibu,
bila hasira, kama anayenisomea bei.
"Na sare?"