Ghala Namba Nne, Kibaigwa

Mahindi yameuzwa juzi.
Pumba bado zinaelea kwenye mwanga wa balbu.
Sechelela kachomeka gitaa kwenye spika ya mnada,
ile iliyotangaza bei mchana kutwa;
sasa inakohoa, inanguruma, inapayuka
kama mtu aliyepunjwa kwenye mzani.

Wimbo wa pili, uzi ukakatika.
Ndahani akafunga waya wa breki ya baiskeli.
Wa tatu, umeme ukaenda zake.

Ngoma haikuuliza.
Makuli waliobeba magunia tangu alfajiri
wakaruka gizani, bati likaitika,
vumbi likatuingia hadi kwenye meno.

Chiwanga mlinzi alikuja kutufukuza.
Nilimwona mlangoni, tochi kaizima,
rungu lake likigonga nguzo,
nyuma kidogo ya mapigo.