Fimbo Mlangoni

Jumapili, Mkata, mvua za vuli.
Fimbo ya mzee Parmitoro iliegemea mlangoni
katikati ya miavuli,
tope la lambo limeigandia
hadi pale maji yalipoishia.

Ndani, Mchungaji Semkiwa akagonga mimbari:
kondoo mkaidi, dawa yake fimbo!
Akina mama wakaitika.
Mzee hakuitika.

Barazani, wakisubiri manyunyu yakatike,
alimsogelea polepole,
kama anayemrudisha ndama:

"Kondoo hapigwi, baba. Anaitwa.
Upo mluzi wa kunywa, upo wa kugeuka,
na ule wa jioni, hauna haraka.
Fimbo ni ya nyoka.
Ni ya kupima kina kabla mdogo hajatangulia.
Ni ya kuegemea, mguu mmoja ukipumzika.
Hii, mwaka wa thelathini sasa,
haijui mgongo wa kondoo."

Akaichukua, akaenda zake na tope lake.

Jumapili iliyofuata mahubiri yalikatika katikati.
Mchungaji akakunja midomo,
akapuliza:
upepo mtupu, na mate.
Kwaya ikaangua kicheko.

Akajaribu tena.

Nje ya dirisha, mbuzi wa jirani
akaacha kutafuna.