Vijiko vya Salme

Tartu, Februari. Mto Emajõgi umeganda
na chini yetu duka la mikate limeanza kunukia
kabla hatujakubaliana lolote.
Tuko sita, viti vitano. Urmas amekaa juu ya kikanza cha dirishani,
anataja namba kama msoma majibu ya maabara:
watumiaji elfu arobaini na moja, mwaka wa nne huu, hawaongezeki.
"Wala hawapungui," nasema.
"Hata makaburini hawapungui."

Kivinjari chetu kinaitwa Tihane, jina la ndege mdogo
asiyehama wakati wa baridi.
Kina mipangilio mia tatu na kumi na miwili.
Mingine niliiandika mimi, usiku wa manane,
kwa kuwa mtu mmoja huko Pärnu aliomba
vichupo vyake visimame wima kama vitabu rafuni,
mwingine akataka vilale,
mwingine akataka visionekane kabisa, avihifadhi kichwani mwake tu.
Sikumkatalia hata mmoja.

Mwekezaji wa Tallinn anataka ibaki kumi na tisa.
Mlango mpana, anasema. Ukurasa mweupe, kisanduku katikati, basi.
Upau wa kushoto utoke.
Mwezi Mei fedha zinaisha, hilo halina mjadala,
na mwenye duka la mikate naye anakitaka chumba.

Nami ninayo barua ya Salme.
Alikuwa msahihishaji wa magazeti, Viljandi.
Kiharusi kilimwachia mkono mmoja, wa kushoto,
na kwa mkono huo akapanga vitufe vyake upya:
kidole cha mwisho hufungua, gumba hufunga,
na upau uko palepale kidole kinapoangukia.
"Hili ni jiko langu," ameandika,
"najua kijiko kilipo hata gizani. Msinihamishie vijiko."

Usiache mbachao kwa msala upitao.
Ningeishia hapa shairi lingekuwa fupi,
nami ningeonekana mwema.

Lakini Jumapili nilimpa kompyuta Rasmus, mtoto wa dada yangu,
miaka kumi na mitatu. Aliitazama Tihane
kama mtu aliyefungua chumba cha rubani
akidhani ni choo.
"Naandika wapi?"
Nikaanza kumweleza. Dakika ya pili keshaondoka,
nikabaki na maelezo yangu mdomoni,
kamili, matamu, bila wa kumpa.

Na barua ya Salme ina ukurasa wa pili
ambao sikuusoma mkutanoni.
Anasimulia alivyotufikia: alikuwa akitafuta
namna ya kuunda kibanda cha kulishia ndege,
akaandika jina la ndege, akatupakua sisi.
Alitaka mbegu za alizeti. Amekaa miaka tisa.
Siku ile tulikuwa na mipangilio kumi na minne
na kisanduku kimoja katikati.

Kumbe mwaminifu wetu ni mgeni aliyepotea njia
akakuta pa kuingilia.
Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Sawa. Lakini wakipishana mlangoni,
nani anampisha nani?

Tulipiga kura: watatu, watatu.
Urmas akashuka kwenye kikanza, suruali ina michirizi ya joto.
"Leelo, uliuandika wewe. Uue wewe."

Saa tano usiku niko peke yangu na msimbo.
Upau wa kushoto ni mistari elfu mbili na mia nne.
Sikuufuta. Niliukunja, nikauweka nyuma ya kitufe kimoja
ambacho Rasmus hatakiona
na ambacho Salme atakibonyeza mara moja tu, maisha yake yote,
baada ya kukitafuta.

Hayo maneno matatu ndiyo yananikesha.

Nimemwandikia: Vijiko vipo, vimo kwenye droo.
Bado sijatuma.
Nimeukalia mkono wa kulia, nimefumba macho,
najaribu kuifungua hiyo droo.