Ukurasa wa Arobaini

Jumanne, maktaba ya Todmorden, mvua inachapa vioo.
Clifford, dereva wa basi mstaafu, anakibwaga kitabu mezani:
"Muuaji nimemjua ukurasa wa arobaini!
Kurasa mia tatu zilizobaki, inspekta anapika chai."

"Anamimina vikombe viwili," Glenys anamsahihisha,
"na anaishi peke yake. Hilo hukuliona?"

Parveen kachoshwa naye: mwanamume mzima,
binti yake anapiga simu, yeye anaitazama tu ikilia.
Angekuwa kaka yangu, anasema, ningemzaba kibao.
Tunacheka. Biskuti zinazunguka.

Winnie hajatia neno.
Marehemu mumewe alikuwa polisi, Halifax, miaka thelathini na mmoja.
Anafungua pale alipokunja pembe ya ukurasa:
inspekta yumo garini, nje ya nyumba yake mwenyewe,
injini kazima, hashuki.

"Nilikuwa nikimchungulia penye pazia," anasema.
"Dakika ishirini. Siku nyingine saa nzima.
Miaka yote hiyo nikidhani ananikimbia mimi."

Bomba la joto linagonga ukutani, linanyamaza.

Clifford anakivuta kitabu chake polepole,
anapangusa makombo kwenye jalada.
"Ukurasa wa ngapi huo?"